Hazina ya picha za kujifunzia radiolojia: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni daktari bingwa wa radiolojia katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Huu ni mwaka wa pili tangu tupate PACS, yaani mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi picha za wagonjwa, na picha zote za eksirei, CT na ultrasaundi zinahifadhiwa humo. Tunapoona picha ya kufundisha, tunaipiga kwa simu pale kwenye skrini na kuituma katika kundi letu la WhatsApp. Sasa uongozi umeniagiza niandae mafunzo endelevu ya kitaaluma yanayotumia picha hizi, kwa ajili yetu mabingwa na kwa madaktari wanaosomea ubingwa wanaopita kwetu kwa zamu. Nianzie wapi, nahitaji vifaa gani, na sheria inasemaje? Na zile picha nyingi zilizokwisha kurundikana kwenye kundi tuzifanyie nini?

Jibu:

Daktari mwenzangu, nimefurahi kwamba agizo hili limetoka kwa uongozi wenyewe, kwa sababu utahitaji muda wa kazi uliotengwa rasmi. Ushauri wangu mkuu nautanguliza hapa: usianze kwa kukusanya picha, anza kwa kukusanya majibu. Picha mnazo nyingi kuliko mtakavyoweza kuzitumia. Mnachokikosa, kama idara nyingi za radiolojia zinavyokikosa, ni uhakika wa kile ambacho kila picha inaonyesha.

Ripoti yetu si jibu. Mwaka 1949 Henry Garland, daktari wa radiolojia wa San Francisco, alichapisha matokeo yaliyowashtua wenzake: wasomaji wenye uzoefu wa picha za kifua walikuwa wakipitwa na karibu theluthi moja ya picha zenye ugonjwa, na msomaji yuleyule akirudishiwa picha ileile hakukubaliana na maoni yake ya awali kila mara. Vifaa vimebadilika sana tangu wakati huo, lakini jicho na ubongo wa binadamu ni vilevile. Tukichukua picha, tukaipachika ripoti tuliyoiandika wenyewe, kisha tukaifanya somo, tunahatarisha kurithishana kosa moja kutoka kwa daktari mkubwa hadi kwa mwanafunzi, tena likiwa limevishwa heshima ya mafundisho. Isitoshe, mazingira yetu ya kazi hayatusahihishi yenyewe. Mpasuaji akikosea, mgonjwa yuko wodini na kosa linajionyesha. Sisi tunaandika ripoti, bahasha inaondoka na mgonjwa anaondoka nayo, na mtu anaweza kusoma maelfu ya picha bila kuambiwa ni zipi alizokosea. Kwa hiyo miaka mingi kazini, peke yake, haimfanyi msomaji kuwa sahihi zaidi.

Basi fungueni daftari la ufuatiliaji kabla ya kununua kifaa chochote. Linaweza kuwa jedwali katika kompyuta moja yenye nywila. Daktari anaposoma picha iliyomtia shaka, au iliyompa uhakika mkubwa mno, aandike namba ya kipimo, maoni yake kwa sentensi moja, na jibu analolisubiri: majibu ya kinyama kilichopelekwa patholojia, taarifa ya upasuaji, makohozi, au picha ya marudio baada ya miezi mitatu. Kisha siku moja ya kila wiki, mmoja wenu apitie wodi, chumba cha upasuaji na maabara akiwa na orodha hiyo. Kazi hii haina mvuto na ndiyo inayoachwa kwanza watu wanapochoka, lakini bila hiyo hayo mengine yote ninayoyaeleza hapa chini hayatawafikisha popote. Kila kisa kinachoingia kwenye hazina kiandikwe wazi kimethibitishwa kwa njia gani: kwa patholojia, kwa upasuaji, kwa mwenendo wa ugonjwa, au kwa makubaliano ya wasomaji tu. Hicho cha mwisho kinaruhusiwa, ila anayejifunza ana haki ya kujua kwamba jibu analopewa limesimama juu ya maoni.

Wengine watakushauri kwamba ufuatiliaji hauna haja kwa kuwa kuna hazina kubwa za picha kwenye intaneti zinazopakuliwa bure. Zipo, na nyingine ni kazi nzuri, lakini kagua kwanza majibu yake yalipatikanaje. Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za kifua kutoka kwa wagonjwa 30,805. Majina ya magonjwa yaliyoambatanishwa na picha hizo yalichambuliwa na programu ya kompyuta kutoka kwenye maandishi ya ripoti, na wataalamu wa radiolojia walipozitazama baadaye walionyesha kwamba mengi hayalingani na kinachoonekana. Hazina hiyo iliandaliwa kwa ajili ya kufunza kompyuta, na kwa kazi hiyo ina nafasi yake. Kumpa daktari anayejiendeleza picha kutoka humo kama maswali yenye majibu ya hakika ni kumpotosha.

Kuna sababu nyingine ya kutumia picha za kwenu. Nyanda za Juu Kusini, hasa maeneo kama Mbozi, ni miongoni mwa sehemu za nchi ambako minyoo tegu wa nguruwe wamechunguzwa kwa miaka mingi kama chanzo cha kifafa. Tuseme mtu mzima mwenye umri wa miaka 34 analetwa akiwa na degedege lililoanza mwaka huu, na CT ya kichwa iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha inaonyesha duara dogo linalong'aa pembezoni, chini ya sentimita 2, lenye uvimbe wa ubongo kulizunguka. Je, ni tegu, ni uvimbe wa kifua kikuu, ni jipu, au ni saratani iliyosambaa? Swali hili mnalikabili kazini, wala si la kwenye mtihani tu, na katika atlasi nyingi zilizoandaliwa Ulaya limepewa ukurasa mmoja. Kinacholiamua mara nyingi ni nukta ndogo nyeupe ndani ya duara, upande mmoja, ambayo ni kichwa cha mnyoo. Nukta hiyo ina ukubwa wa milimita moja au mbili. CT huuonyesha mwili kwa mikato, yaani picha za vipande vilivyopangana, na katika mikato yenye unene wa milimita 5 nukta hiyo inaweza kumezwa kabisa. Katika mikato ya milimita 1 inaonekana kwenye picha mbili au tatu tu, na daktari asiyepitisha mikato yote polepole hataiona.

Kisa hicho kinatosha kueleza kwa nini picha ya simu haifai kufundishia. Anayepiga picha ya skrini amekwisha kuchagua mkato wenye nukta, ameiweka katikati, na pengine ameizungushia mshale. Anayeitazama hatafuti chochote. Anatambua tu alichoonyeshwa. Kazi yetu halisi, ile inayotushinda usiku wa zamu, ni kutafuta. Kwa hiyo hifadhini mfululizo mzima kama ulivyotoka kwenye mashine, na mzungumze na wateknolojia wa radiolojia ili mikato myembamba ipelekwe PACS pamoja na ile minene. Katika hospitali nyingi hubaki kwenye kompyuta ya mashine, hufutwa nafasi inapojaa, na hakuna anayegundua hadi siku inapohitajika.

Jambo la pili linalopotea kwenye picha ya simu ni namba zenyewe. Kila pikseli katika CT ni kipimo cha Hounsfield, yaani namba ya kiasi ambacho mahali hapo panazuia mionzi, ambacho maji yamepewa 0 na hewa -1000, na faili lake la DICOM, muundo wa kawaida wa faili za picha za kitabibu, hutunza takriban ngazi 4,096 za vipimo hivyo. Skrini inatuonyesha sehemu ndogo tu ya ngazi hizo kwa wakati mmoja, kwa dirisha tulilolichagua, yaani upana wa vipimo vinavyogawiwa rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe na kitovu chake. Tofauti kati ya tabaka la kijivu la ubongo na lile jeupe haifiki vipimo 15, na kiharusi cha saa chache za mwanzo huipunguza tofauti hiyo kwa vipimo vichache tu. Dirisha likiwa pana, huoni kitu. Kinyume chake, damu changa iliyotandazwa kama ukanda mwembamba chini ya fuvu hufichika katika dirisha la kawaida la ubongo lenye upana wa 80 na kitovu cha 40, kwa sababu damu na mfupa vyote vinaonekana vyeupe, na hujitenga na mfupa ukipanua dirisha hadi karibu 200. Daktari anayejifunza lazima aligeuze dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Picha iliyopita kwenye WhatsApp imebaki na ngazi 256, imebanwa, na dirisha lake limegandishwa na mtu mwingine.

Kuhusu vifaa, usiogope gharama. Mkato mmoja wa CT wenye pikseli 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti, hivyo kipimo chenye mikato 300 ni kama megabaiti 150, na visa 200 vya namna hiyo ni gigabaiti 30 tu, ambazo kompyuta yoyote ya mezani inazibeba. Kwa seva ya kufundishia ningependekeza Orthanc, programu huria iliyoanzia katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, ambayo inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ndani ya mtandao wa hospitali, hata intaneti ikikatika. Kwa kuzitazama picha, Weasis ni ya bure na inatosha kwa mahitaji ya kila siku. Hakikisheni seva hii imetengwa kabisa na PACS ya matibabu, ili picha za kufundishia zisichanganyike kamwe na faili la mgonjwa, na wekeni nakala kwenye diski ya pili inayofungiwa mahali pengine. Fedha mlizonazo zitumieni kwenye skrini nzuri ya kusomea, kwa maana projekta ya ukumbini, tena mchana mapazia yakiwa wazi, huua tofauti zote nilizozieleza.

Sasa kuhusu utambulisho wa mgonjwa, ambako ninaomba usome taratibu. Wengi hudhani kufuta jina kunatosha. Faili la DICOM lina sehemu nyingi za maandishi zinazoambatana na picha: jina liko katika sehemu 0010,0010, namba ya mgonjwa katika 0010,0020, tarehe ya kuzaliwa katika 0010,0030, namba ya kipimo katika 0008,0050, na zipo pia za jina la hospitali, daktari aliyemtuma mgonjwa, tarehe na saa, na maoni yaliyoandikwa kwa mkono wa mteknolojia. Watengenezaji wa mashine nao huongeza sehemu zao binafsi, zinazotambulika kwa namba ya kundi isiyogawanyika kwa mbili, na humo jina linaweza kujirudia bila wewe kujua. Kiwango cha DICOM chenyewe, katika sehemu yake ya 15, kimeorodhesha kinachopaswa kuondolewa au kubadilishwa, na chama cha radiolojia cha Amerika ya Kaskazini, RSNA, kimetoa programu za bure zinazofuata orodha hiyo. Tumieni programu iliyokwisha kujaribiwa kama hizo, msifute kwa mkono.

Hata hivyo, programu husafisha maandishi yanayoambatana na picha. Yaliyochapwa ndani ya picha yenyewe huweza kubaki. Ultrasaundi ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa mashine nyingi huandika jina la mgonjwa juu ya picha, na jina hilo ni pikseli kama pikseli nyingine. Eksirei za zamani zilizoskaniwa zina karatasi ya jina kwenye kona. Katika CT kuna ukurasa wa kiwango cha mionzi, unaohifadhiwa kama picha ya mwisho ya mfululizo, na mara nyingi una jina na tarehe ya kuzaliwa. Fomu ya maombi iliyoskaniwa nayo huingia hivyohivyo. Na mikato myembamba ya kichwa, ileile niliyokusihi uihifadhi, inaweza kuunganishwa ikatoa sura ya mtu inayotambulika. Kwa visa hivyo ondoeni sehemu ya uso kabla ya kuviweka mahali panapofikiwa na walio nje ya idara. Kwa hiyo kila kisa kipitiwe kwa macho ya mtu, mkato kwa mkato, baada ya programu kumaliza. Umri na jinsia vibaki, kwa kuwa utambuzi wa ugonjwa unavitegemea. Tarehe zisogezwe zote kwa idadi ileile ya siku ili muda kati ya kipimo cha kwanza na cha marudio usiharibike. Tena mkumbuke kwamba katika mji mdogo, kisa cha nadra chenye maelezo ya kazi ya mgonjwa na kijiji chake kinamtaja mtu bila jina.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kuweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Wasomaji wa Kenya na Uganda wana sheria zao za mwaka 2019. Ombeni idhini ya maandishi ya uongozi, mkishauriana na afisa wa hospitali anayesimamia ulinzi wa taarifa, na pale mtakapotaka kutumia picha hizo kwa utafiti, mpitie kamati ya maadili. Ikiwa mtatunza jedwali linalounganisha kisa na mgonjwa halisi, na ufuatiliaji utawalazimu mlitunze kwa muda, basi taarifa hizo bado ni za mtu mbele ya sheria, na jedwali libaki kwa mtu mmoja aliyeteuliwa.

Nikija kwenye namna ya kufundisha, kosa la kawaida ni kuendesha kipindi ambacho bingwa anaonyesha picha na kueleza huku wengine wakitikisa vichwa. Kila mtu huondoka akiamini angeiona. Badala yake, kila mmoja asome kisa peke yake kwenye skrini, akiwa na maelezo machache yaleyale yaliyokuwa kwenye fomu ya maombi, aandike maoni yake na kiwango chake cha uhakika, kisha ndipo jibu lifunguliwe. Kuandika kabla ya kuona jibu ndiko kunakomwonyesha mtu pengo lake, na kile kiwango cha uhakika kina thamani yake: anayekosea akiwa na uhakika anahitaji msaada tofauti na anayekosea akiwa na shaka.

Na wekeni picha za kawaida, zisizo na ugonjwa, kwa wingi. Hili hupuuzwa mno. Hazina iliyojaa magonjwa matupu humzoesha msomaji kutarajia ugonjwa katika kila picha, na akirudi kazini anaanza kuona vivuli ambavyo havipo, mgonjwa anaingia gharama ya vipimo visivyohitajika. Martin Pusic na wenzake, waliochunguza jinsi madaktari wanavyojifunza kusoma eksirei, walionyesha kwamba uwiano wa picha zenye ugonjwa na zisizo nao hubadilisha kile msomaji anachojifunza: magonjwa yakiwa mengi anakuwa hodari wa kuyanasa, ya kawaida yakiwa mengi anakuwa hodari wa kuyaacha salama yaliyo salama. Ningeanza na nusu kwa nusu, nikichagua zile za kawaida zinazodanganya: kivuli cha chuchu kinachofanana na uvimbe wa pafu, mkunjo wa ngozi unaofanana na ukingo wa pafu lililosinyaa, sehemu za ukuaji kwenye mifupa ya watoto zinazofanana na mvunjiko. Kawaida nayo inahitaji uthibitisho, yaani picha ya marudio au mwenendo wa mgonjwa unaoonyesha kwamba hapakuwa na kitu.

Mfano mzuri wa mpango uliodumu ni PERFORMS wa Uingereza, unaotumiwa na wasomaji wa mamografia (eksirei za matiti) katika uchunguzi wa saratani ya matiti. Kwa zaidi ya miaka 30 wasomaji wamekuwa wakipewa seti za visa 60 vyenye majibu yaliyothibitishwa, na kila mmoja hupokea matokeo yake kwa siri, yakilinganishwa na ya wenzake wasiotajwa majina. Usiri huo uigeni. Nyie ni wachache na mnafahamiana, hivyo kosa la mmoja likisomwa hadharani, mwezi unaofuata hakuna atakayeleta kisa chake chenye kosa, nanyi mtapoteza mafunzo yaliyo bora kuliko yote. Kisa kilichotokana na ripoti ya mmoja wenu kiingie kwenye hazina bila jina la msomaji, na uongozi uahidi kwa maandishi kwamba matokeo hayatatumika katika tathmini ya kazi. Washirikisheni wateknolojia wa radiolojia pia, kwani wao ndio wanaoiona picha kwanza.

Pale ambapo visa vyenu havitoshi, kwa mfano MRI ya goti au magonjwa ya kuzaliwa nayo, jazeni kwa hazina za nje ambazo visa vyake hupitiwa na wahariri, kama Radiopaedia iliyoanzishwa na Frank Gaillard wa Australia mwaka 2005, na Eurorad ya chama cha radiolojia cha Ulaya. Kuhusu kutambuliwa kwa vipindi vyenu, wasilianeni na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kuanza, ili mahudhurio yaandikwe kwa namna itakayokubalika wakati wa kuhuisha leseni.

Zimebaki zile picha za kwenye kundi la WhatsApp. Gaweni kazi ya kuzipitia. Kila moja itafutwe kwenye PACS, na ikipatikana, namba yake iingizwe kwenye daftari la ufuatiliaji na jibu lake litafutwe kama la kisa kipya. Mfululizo kamili ndio utakaosafishwa na kuhifadhiwa, si picha ya simu. Ile isiyopatikana, au ambayo jibu lake halikujulikana, iachwe. Baada ya hapo picha zote zifutwe kwenye kundi na kwenye simu ya kila mmoja, pamoja na nakala zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni, kwa sababu majina ya wagonjwa yako humo kwenye kona za skrini. Kundi lenyewe mnaweza kuliacha kwa ajili ya kukumbushana zamu na saa ya kipindi.